Kadi Yenye Doa la Chai

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimesifiwa! Tena mbele ya mwalimu mwenzangu, Madam Atuganile!

Mama Marietha, mwenye chekechea yetu hapa Toangoma, aliingia darasani kwangu bila hodi, akakaa kwenye kiti cha mtoto, akaniambia niendelee kama vile hayupo. Nikainua kadi moja moja. CUP! FISH! GOAT! MILK! Watoto wakaitikia kwa sauti ya kutoboa bati. Hakuna aliyekosea. Hata Hija, ambaye mpaka juzi alikuwa akivaa viatu kinyume, alisema SHIRT kabla kadi haijafika juu. Nikamwona mama wa watu ameshika shavu kwa furaha.

Akasema Januari tunafungua darasa la kwanza. Mwalimu wa Kiingereza atakuwa mmoja tu, na atamchagua Jumamosi hii, siku ya wazazi. Mwingine atabaki na watoto wa miaka mitatu, kazi ya kufuta makamasi. Alipomaliza kusema akanitazama, akatabasamu. Nimeliona lile tabasamu. Lilikuwa langu.

Madam Atuganile hakupewa tabasamu lolote. Watoto wake walikuwa wamekaa chini wanachora herufi kwa vidole kwenye sinia la mchanga. Katikati yao kikapu: kikombe, sabuni, ndizi. Wanashika kitu, wanakitaja, wanachora. Mmoja alikuwa anahangaika na neno moja tangu asubuhi. Mchanga! Mzazi anafua sare, anapiga pasi, halafu anarudishiwa mtoto na mchanga mpaka masikioni.

Ila kuna jambo moja. Mwezi uliopita washenga wangu walipeleka posa kwa Mzee Talha, baba yake Zubeda. Nikawaelekeza waseme kwamba mimi Mwinshehe ni mkuu wa somo la Kiingereza, darasa la kwanza. Darasa lenyewe halijazaliwa! Mzee akasema atafikiri. Bado anafikiri. Na mjukuu wake, Suhaib, yumo darasani kwangu. Maana yake Jumamosi mzee atakuja kuona kwa macho yake.

Jumanne, 8 Oktoba

Leo nimemweleza Mama Marietha, kwa nia njema kabisa, kwamba nimemwona paka wa jirani akitoka kwenye mchanga wa Madam Atuganile akiwa na uso wa aliyemaliza haja zake. Paka sijamwona. Lakini paka wapo, na mchanga upo, sasa ubishi wa nini?

Mchanga ukamwagwa palepale. Madam Atuganile hakubisha. Alilikung'uta sinia, akalisuuza, akaliegemeza ukutani. Mimi ningelia. Jioni nikamwona anatoka kwa Mangi, mwenye duka wetu, na mfuko wa unga wa sembe. Nikasema moyoni, huyo kakata tamaa, anakwenda kupika ugali wake alale.

Kumbe hakuwa amekata tamaa. Kesho yake sinia limejaa unga! (Naongeza haya Jumatano, nikiwa na hasira.) Sasa herufi zinaonekana vizuri kuliko mwanzo, na Mama Marietha anapita akisema jinsi unga ulivyo msafi. Msafi! Shukrani zote zilipaswa kuwa zangu.

Jambo jingine la Jumanne. Mama Marietha alizishika kadi zangu, akasema zinaonekana kama zimeokotwa mtaroni. Akaahidi kunichapishia mpya stesheneri, za rangi, zilizofunikwa plastiki. Nikamshukuru kwa mikono miwili. Mjinga mimi.

Jumatano, 9 Oktoba

Sijui niandike vipi. 

Kadi mpya zimekuja. Nzuri mno, zinang'aa, unajiona uso. Nikainua ya kwanza, CUP. Kimya. Nikadhani hawajaiona, nikasogea mbele. Kimya. Nikainua FISH. Suhaib akakisia GOAT. Nikainua GOAT. Mtoto mmoja akaomba kwenda chooni, na wenzake wote wakamfuata.

Nikamwita Hija pembeni, nikamuuliza kwa upole kuna nini. Akanieleza kama anavyoelezwa mtu mzito wa kuelewa. CUP ni ile yenye doa la chai. FISH ni ile yenye mafuta ya mihogo. GOAT ni ile iliyoliwa kona. MILK ina alama ya kidole cha ticha. SHIRT imekunjika katikati, unaiona ikiwa bado chini. Hizi mpya, akasema, hazijaandikwa kitu.

Yaani hawasomi! Mwaka mzima hakuna hata mmoja aliyewahi kusoma! Wanasoma uchafu wangu!

Nilikaa kwenye kile kiti kidogo mpaka kengele ikalia. Ninaogopa. Nasema wazi kwa kuwa hapa hakuna wa kunisikia. Naogopa makamasi ya Januari, naogopa macho ya Mzee Talha, na zaidi ya yote naogopa Zubeda kuona kwamba mtu aliyemsubiri muda wote huu ni mimi tu, bila cheo.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nina wazo! Tatizo ni kadi safi. Basi zichafuliwe!

Nikachemsha chai ya rangi, nikaimwagia CUP mpya. Ikateleza yote juu ya plastiki, ikaingia kwenye soksi yangu. Nikapaka GOAT mafuta ya taa ili kona ilainike. Haikulainika, ila darasa zima limenuka mpaka Madam Atuganile akaja kuuliza kama kuna jiko linavuja. Nikafikiria hina. Nikafikiria lami. Mwisho nikapata: rangi ya kucha! Inashika kwenye plastiki, haifutiki kwa kitambaa. Nikanunua nyekundu, na nyingine ya zambarau.

Njiani nikakutana na Zubeda. Tulipokuwa tunasalimiana kile kichupa chekundu kikaanguka kutoka mfukoni. Akakiokota. Akakitazama. Akauliza ni cha nani.

Ningesema ukweli? Kwamba nayapaka makaratasi rangi ya kucha ili mpwa wake aonekane anajua kusoma? Nikasema ni zawadi yake. Akaniuliza tangu lini yeye anapaka rangi ya kucha, na udhu wake utapita wapi. Akanirudishia kichupa kwa ncha za vidole na kuniambia nimpelekee mwenyewe. Akaondoka. Sikumfuata, maana kile cha zambarau nacho kilikuwa kinachungulia.

Ijumaa, 11 Oktoba

Kazi imekamilika. CUP ina doa jekundu chini kulia. FISH ina mstari wa zambarau. MILK ina nukta mbili. Nimewafundisha asubuhi nzima, na watoto hawa wana akili kweli! Kabla ya uji walikuwa wameshika zote.

Madam Atuganile akachungulia dirishani, akauliza nukta ni za nini. Nikamjibu ni mapambo. Akatazama kadi, akatazama watoto, akanitazama na mimi, muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama mapambo. Halafu akajitolea akae na Suhaib kidogo na sinia lake, kwa kuwa amemwona anapenda kuchora. Nikakataa. Simtaki mtoto wangu wa mfano aingie kwenye maonyesho na unga puani.

Mzee Talha amerudi leo kutoka shambani kwake Kimbiji. Zubeda hapokei simu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Ningependa ukurasa huu uliwe na mchwa.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Wazazi wamejaa barazani, Mzee Talha kiti cha mbele, kanzu nyeupe, kofia iliyodariziwa. Zubeda amesimama nyuma yake, hanitazami. Nikainua kadi. CUP! FISH! GOAT! MILK! Makofi! Kina mama wakapiga vigelegele! Mama Marietha akainamia sikio la mgeni aliye karibu yake akinionyesha kwa kidole. Hata Zubeda aliinua macho. Hapo ndipo ningesema asanteni na kila mtu aende kula pilau.

Lakini Mzee Talha akainuka. Akasema amefurahi, na yeye ana zawadi ya mjukuu wake. Akatoa mfukoni pakiti ya biskuti, ya bluu, akamwonyesha neno lililoandikwa kwa herufi nyeupe, akamwambia alisome kisha ale. MILK. Neno lilelile! Herufi zilezile nne! Nikamkazia macho Suhaib, nikapanua midomo bila sauti, mi, mi, mi.

Suhaib akaipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza. Akakagua kona zote. Akainusa. Kisha akamrudishia babu yake kwa adabu.

"Babu, hii haina doa."

Mzee hakuelewa. Hija, kwa roho yake nzuri, akasimama juu ya kiti kuwaeleza watu wote.

"Ticha hajaipaka rangi ya kucha!"

Nilimwona Zubeda akiziba mdomo. Angalau sasa anajua kichupa kilikuwa cha nani.

Aliyeniokoa, kama huku ni kuokolewa, ni Madam Atuganile. Akaja na sinia lake, akapiga magoti mbele ya Suhaib, akamwomba achore herufi ya kwanza ya kwenye pakiti. Suhaib akachora. Akamuuliza midomo inafanyaje tunapoisema hiyo. Suhaib akafunga midomo, mmmm. Wakaenda ya pili. Polepole mno! Watu wazima wamebana pumzi kwa ajili ya herufi moja! Mzee Talha aliinama mpaka kofia ikagusa unga. Suhaib hakumaliza neno, lakini alifika kwenye L, na babu yake akampa biskuti zote.

Baadaye mzee akanivuta kando. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Aliniuliza tu ukuu wa Kiingereza nimeupata lini. Mama Marietha akasikia, akauliza ukuu wa nini. Nikawakaribisha wote wawili pilau.

Uamuzi wa mzee ni huu: posa yangu ataijibu siku Suhaib atakapomsomea pakiti ile peke yake. Uamuzi wa Mama Marietha: Januari ni ya Madam Atuganile. Na kuanzia Jumanne mimi ni msaidizi wake.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu. Shule imefungwa, nami nimejifungia.

Zubeda amenipigia. Akasema hajabadilika moyo, na kwamba amecheka mpaka mbavu zinamuuma, lakini nisimtume tena mshenga aseme uongo kwa baba yake. Akasema nimfundishe mtoto, basi, hakuna kingine kinachotakiwa. Nikatokwa na machozi. Nampenda yule binti.

Nimeapa. Ujanja basi! Kuanzia leo mimi ni mtu wa herufi moja moja.

Ijumaa, 18 Oktoba

Kazi yangu ni kusawazisha unga kwenye sinia kila mtoto anapomaliza. Nakohoa unga. Nywele zangu zimekuwa za babu. Madam Atuganile ananiambia "asante Ticha Mwinshehe" kila mara, na ninatafuta kejeli ndani yake siipati.

Suhaib yuko kwake sasa. Wiki nzima wamefanya maneno machache tu, haya yanayoweza kushikwa mkononi. Anachora kwenye unga, anachora hewani, anachora mgongoni kwa Hija. Lini atafika kwenye pakiti? Nimemuuliza Madam Atuganile kama haiwezekani kuanza na MILK na kuishia hapohapo. Amesema mtoto hasomi pakiti, anasoma. Sikuelewa, nikasawazisha unga.

Na jana nimesikia kuna mtu wa Mbezi Beach, ana gari, anapita sana kusalimia kwa Mzee Talha. 

Jumatano, 30 Oktoba

Nina wazo! Nashangaa sikuliona mapema!

Pakiti ya mzee ni ya bluu. Herufi nyeupe. Kona ya juu ina mstari mwekundu. Sasa kuna haja gani ya kumtesa mtoto na sinia? Nikimwonyesha ile ya bluu yenye mstari mwekundu, aseme MILK, kwisha. Jumapili tunakwenda kwa babu yake, posa inajibiwa, mtu wa Mbezi Beach anageuza gari lake.

Hatari moja tu: mzee asije akanunua biskuti za aina nyingine. Kwa hiyo jioni hii nimemchukua Suhaib hadi kwa Mangi. Nikamwomba Mangi, mpaka Jumapili, azifiche biskuti nyingine zote, abakize za bluu. Mangi akaniuliza kama nimekula mchana. Tukabishana muda mrefu, wateja wakaanza kupanga foleni.

Na wakati nahangaika kwa ajili yake, Suhaib yuko wapi? Anacheza! Amesimama mbele ya rafu, kidole kinachora pajani, midomo inafungwa na kufunguka, mmm, mmm. Kisha akanivuta shati, akanionyesha kopo moja la maziwa kule juu, la kijani, halina hata mstari mwekundu, akasema kwa sauti, "Ticha, MILK!"

Nikamwambia siyo hiyo. MILK yetu ni ya bluu. Akanibishia! Akaonyesha boksi jingine, la njano, akasema na ile pia ni MILK. Mangi akacheka, akampa peremende. Nikamshika mkono nikamtoa nje, nikamwekea pakiti ya bluu mbele ya uso, nikamwambia atazame hii, hii tu.

Nina wasiwasi mkubwa na Jumapili. Madam Atuganile amemharibu kabisa mtoto huyu. Anaona MILK kila mahali.