Kikundi cha Ramani za Kale Kinatafuta Kiongozi

Alhamisi, 7 Novemba

Balaa. Bi. Hesketh anang'atuka. Ametangaza leo sebuleni kwake kabla chai haijapoa: ana miaka themanini na minne, magoti yamegoma, na asipopatikana wa kuongoza Kikundi cha Ramani za Kale kufikia Alhamisi ijayo, kikundi kinafungwa. Akauliza nani anajitolea.

Kimya. Watu kumi na mmoja tukalitazama zulia.

Kikundi chetu ni cha umoja wa wastaafu, na humo hakuna mwalimu. Tunafundishana wenyewe. Na kimya kama kile kina sheria yake: atakayekohoa kwanza amejitolea. Koo likaniwasha. Nikasukumia biskuti nzima mdomoni. Machozi yakanitoka. Bi. Enid, nesi mstaafu, akanipigapiga mgongoni akisema masikini mtoto, habari hii imemuumiza kweli.

Mtoto ni mimi. Nina miaka thelathini na miwili. Sharti la uanachama ni kuwa umeacha kazi ya kutwa, umri haukutajwa. Nililisoma mara tatu kabla ya kujaza fomu. Mimi niliacha kufundisha chuo kikuu siku niliposimama mbele ya wanafunzi mia mbili, ulimi ukanikauka, nikatoka kwa mlango wa dharura. Kengele ililia jengo zima.

Tangu hapo Alhamisi ndiyo siku pekee ambayo mtu huniuliza kama nimekula. Kikundi kikifungwa, sina pa kwenda. Nikikiongoza, nitakufa. Lazima apatikane mwingine.

Ijumaa, 8 Novemba

Amepatikana! Bwana Clement Ogden. Miaka sabini na sita, zamani alikuwa akipanga ratiba za treni. Hunisahihisha hata nikipiga chafya. Kila wiki huniwahi kiti cha karibu na hita, kisha huniuliza kama nasikia baridi. Mtu kama huyo ameumbwa kuongoza.

Mpango: kuwapigia simu wanachama wote nimsifie Clement. Naogopa simu. Niliandika maneno kwenye karatasi, nikanywa maji, nikakaa sakafuni ili nisianguke. Simu ya kwanza nilikata kabla haijapokelewa. Ya pili pia. Lakini kufikia saa kumi jioni nilikuwa nimefikia nyumba nane. Wote walisema sawa, mwanangu, tumekuelewa.

Wamenielewa! Nimelala kitandani na viatu kwa uchovu na furaha.

Jumapili, 10 Novemba

Hawakunielewa.

Nimekutana na Clement kwenye foleni ya mkate. Alinipa hongera kwa sauti ya kutangaza treni. Nikauliza hongera ya nini. Akacheka, akasema binti, anayepigia nyumba nane kuzungumzia uongozi anautaka uongozi, ila ana haya. Akaongeza kwamba naye amepiga simu zake, na wote wako nyuma yangu. Yeye mwenyewe asingeweza, masikio yake hayasikii tena.

Nikanong'ona kwamba ni mwongo. Aligeuka papo hapo kuuliza nani mwongo.

Nikaacha mkate. Nikakimbia hadi nyumbani. Nimefunga mlango kwa makomeo yote mawili, kana kwamba wanakuja kunichagua usiku huu.

Jumanne, 12 Novemba

Kutokwenda hakusaidii. Mwaka juzi Bwana Lionel alikosa mkutano kwa sababu alikuwa hospitali akibadilishwa nyonga. Alipozinduka alikuwa katibu. Bado ni katibu.

Kwa hiyo lazima niwepo, lakini nionekane sifai. Nimewaza tangu alfajiri. Nimepata! Nimepoteza sauti. Nani atamchagua bubu?

Nimeanza leo ili kuzoea. Maktabani nilimkuta Bi. Enid. Nikaonyesha koo kwa kidole, nikaweka uso wa huzuni. Uso ulikuja wenyewe, sikulazimika kuigiza. Jioni amenipitia na asali, vitunguu vilivyochemshwa na mafuta ya bata ya kupaka shingoni. Nanuka kama chakula cha sikukuu. Aliniuliza kama nimekula. Nilikaribia sana kumjibu.

Alhamisi, 14 Novemba



Bi. Hesketh aliuliza tena nani anajitolea. Hakuna aliyethubutu kukohoa. Akaanza kuzikunja ramani moja moja, polepole, akasema basi, hii ndiyo chai yetu ya mwisho. Sauti yake ilikatika.

Hapo Clement akasimama akanipendekeza mimi.

Nilifungua mdomo kukataa. Nikakumbuka kwamba sina sauti. Bi. Enid alikuwa ubavuni pangu na chupa ya asali. Nikisema neno moja, mimi ni mwongo mbele ya watu kumi na mmoja. Nisiposema, nimechaguliwa. Nikapunga mikono yote miwili. Wakasema tazama alivyo mnyenyekevu. Clement akasema kiongozi asiyeweza kusema! Jamani, tumemngojea huyu miaka ishirini! Vicheko, makofi. Bi. Hesketh, aliyetuongoza miaka hiyo yote kwa maneno mengi, hakuudhika hata kidogo.

Alinishika mashavu kwa mikono yenye baridi, akasema alikuwa akiogopa kwamba kikundi kitakufa mikononi mwake, hata usingizi alikosa. Kwa muda kama wa kumeza mate nilisahau kuogopa.

Kisha akaniambia kwamba kiongozi mpya hutoa hotuba ya ufunguzi. Dakika ishirini. Wima. Alhamisi ijayo, sauti itakuwa imesharudi.

Clement amenipisha kiti cha hita. Hata joto sikulisikia.

Jumapili, 17 Novemba

Leo, ili nione tu nitakufa dakika ya ngapi, nimesimama jikoni nikawahutubia masufuria kuhusu wachora ramani waliojaza majoka mahali wasipopajua. Dakika ishirini na mbili. Sikufa. Ulimi haukukauka. Niliwatania hata wale wachoraji, nikacheka mwenyewe.

Mlango ukagongwa. Bi. Enid, na supu. Alikuwa amesimama nje muda mrefu, supu imepoa. Akasema sauti imerudi, Mungu mkubwa, na sauti yenyewe nzuri namna gani! Alihisi kama ameziona zile ramani.

Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi: ndiyo, ni mimi.

Nikanong'ona kwamba ni dada yangu. Pacha wangu. Amekuja kutoka Kanada, ni mtaalamu wa ramani, na sasa hivi yuko bafuni.

Bi. Enid akapiga makofi. Akasema basi dada ndiye azungumze Alhamisi! Atawaambia wote leo hii. Papo hapo alikuwa ameshafika getini.

Kwa hiyo hadi Alhamisi nina pacha. Kesho nakwenda kununua nywele za bandia, nyekundu nadhani, na miwani. Ataitwa Beatrix. Yeye ni mtu wa kujiamini, hana tabu na watu. Mimi nitakuwa nyumbani, mgonjwa, mlango umefungwa kwa makomeo yote mawili.