Idara ya Vinavyochemka Bila Moto

Wananchi wote wanatangaziwa, kwa furaha kubwa, kwamba serikali yetu sikivu imefungua Idara ya Vinavyochemka Bila Moto. Tulikuwa tumeteseka vya kutosha. Maji ya chai yalikuwa na idara yake, sufuria ya maharage ilikuwa na idara yake, lakini kitu kinachotoa mapovu pasipo kuni, mkaa wala gesi kilikuwa kinatoa tu, kiholela, kama hakina mwenyewe.

Nami kitu cha namna hiyo nilikuwa nacho jikoni. Marehemu mume wangu alipanda mzabibu ukutani mjukuu wetu alipozaliwa, akasema mvinyo wake utanywewa kwenye harusi ya huyu mtoto. Mwenyewe akatangulia. Sasa mjukuu, fundi cherehani, anaolewa Jumamosi. Basi mimi, ambaye maishani sijawahi kutengeneza hata siki, nikaponda zabibu kwa mikono hii, nikatia sukari na hamira. Jirani yangu, muuguzi mstaafu, akaniletea mpira wa dripu, mpya kabisa, akaondoka kabla sijamshukuru. Nikauchomeka kwenye kizibo cha mtungi wa kioo, ncha ya pili ndani ya kikombe cha maji. Blubu. Blubu. Nilikuwa nikikaa pale kuusikiliza kama mtoto aliyelala.

Raia mwema hafichi kitu, nikaenda kutoa taarifa. Mkurugenzi wa Idara akaja mwenyewe, karani wake nyuma na lakiri, ile nta ya mihuri, na kiberiti. Muungwana sana yule bwana: alifuta viatu mlangoni kabla ya kunipekua.

"Bibi, hiki kinachemka?"

"Kinachemka, mwanangu."

"Moto uko wapi?"

"Hakuna."

"Umeona! Na huu mpira?"

"Wa kupumulia."

Akarudi nyuma. "Anayepumua nani?"

"Mvinyo, baba."

"Karani, andika: mtuhumiwa anafuga kiumbe kinachopumua, hakijasajiliwa." Akanigeukia kwa upole. "Bibi, kanuni ni moja tu, na nimeitunga mwenyewe. Kinachochemka bila moto kinazibwa, kinapigwa lakiri. Hatuangalii sura."

"Ukikiziba kitalipuka. Na harusi ni Jumamosi."

"Ushahidi haulipuki bila kibali."

"Bosi," karani akasema, "labda tungekiachia katundu kadogo..."

"Wewe karani au fundi bomba?"

Wakang'oa mpira, wakagongomea kizibo kingine, wakakifunga waya, wakamimina lakiri. Hawakunitoza hata lakiri yenyewe. Mkurugenzi akanisaidia kuubeba mtungi wangu, akaupeleka ofisini uwe kielelezo siku ya uzinduzi.

Nikabaki nimeshika mpira. Nililia kidogo. Karani akarudi, eti kasahau kiberiti. Akaiona ndoo chini ya meza, imefunikwa kitambaa, ndani yake zabibu zilizokosa nafasi mtungini. Ilikuwa inachemka bila aibu.

"Bibi, amri inasema mtungi," akanong'ona. "Ndoo sijaiona. Mimi macho mabovu tangu utotoni." Akairudishia kitambaa vizuri, kama anayemfunika mgonjwa.

Ijumaa nikaalikwa kwenye uzinduzi, kama mfano mbaya. Nikapewa kiti cha mbele. Mtungi ulikuwa mezani, umevishwa utepe, taa za wapiga picha zinauchoma. Mkurugenzi akasimama pembeni yake na suti nyeupe.

"Ndugu wananchi! Idara hii haijawahi kuchemka, na haitachemka!"

Pwaa! Kizibo kikatoka kama kimeitwa, kikaondoka na miwani yake. Mvinyo ukafuata.

Kisha sauti huko nyuma: "Bosi kachemka!" Watu wakaangua kicheko.

"Nani kasema?" akafoka, povu la zambarau kidevuni. "Ndiyo, nachemka! Nachemka kwa hasira! Mnanijua ninyi?"

Karani akasogea taratibu. "Samahani, bosi. Moto uko wapi?"

"Moto gani, we mpumbavu? Unaona moto hapa?"

"Hapana, bosi. Ndiyo shida yenyewe."

Hawakuangalia sura. Walinzi wakamsindikiza ofisini kwake kwa heshima zote, wakafunga mlango, wakauzungushia waya. Karani akawasha kiberiti, akayeyusha lakiri.

Jumamosi tukanywa mvinyo wa ndoo. Ulikuwa mchachu, wageni walikunja nyuso huku wanausifu. Mjukuu wangu alimaliza glasi yake yote. "Babu angesema mtamu," akasema, akanishika mkono hadi nyimbo zilipokwisha.

Wakati wa kurudi nikamkumbuka yule bwana. Naambiwa lakiri haiwezi kuvunjwa bila idhini ya Mkurugenzi, na Mkurugenzi yuko ndani. Sikuwa na kinyongo. Nikapita idarani, nikauchomeka mpira wa muuguzi kwenye tundu la ufunguo, ncha ya pili ndani ya kikombe cha maji, nikatega sikio.

Blubu. Blubu.