Chumba cha Ndani, Chumba cha Nje

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya themanini na tatu ya majaribio. Zimebaki saba. Siku ya tisini Bosi ataamua kama nithibitishwe kazini au nirudishe kitambulisho na ufunguo wa droo. Sijalala vizuri tangu siku ya sitini.

Leo ametuita wawili, mimi na karani mwenzangu, Bwana Pasi. (Jina lake halisi silitaji hata humu. Anaitwa hivyo kwa mikunjo ya suruali yake, inayoweza kukata mkate.) Walimu wastaafu kumi na wawili, wateja wa ofisi yetu ya usafiri, wanakwenda safari ya starehe baharini, siku tisa, kwa meli ya ghorofa kumi na nne. Sisi tujibu maswali yao kwenye kundi la simu na kupokea fomu zao. Karani mmoja atafuatana nao kama kiongozi, na wao wenyewe ndio watakaompendekeza. Huyo, Bosi akasema huku akinitazama, hatakuwa na wasiwasi wa kuthibitishwa.

Bwana Pasi alishasafiri kwa meli kama hiyo. Mara moja! Alimsindikiza nyanya yake. Hutukumbusha kila siku kabla ya chai. Mimi sijawahi. Maji ya mwisho kunipita magoti yalikuwa ya beseni, na dada yangu mkubwa, ninayeishi kwake, anasema nililia.

Lakini nimesoma. Nina vyeti vitatu kwenye bahasha ya plastiki. Yeye ana nini? Nyanya.

Jumanne, 4 Machi
Maswali arobaini na moja kabla ya saa sita. Na hawa ndio waliofundisha taifa! Mwalimu wa Jiografia anauliza kama meli itasimama akitaka kunyoosha miguu. Wa Sayansi anauliza kama maji ya kuogea yana chumvi. Wa Hesabu amepiga hesabu: abiria wote wakikimbilia upande mmoja kutazama nyangumi, meli haitalala? Mwingine anauliza kama anaweza kuanika shuka sitahani, yaani pale juu penye upepo. Asiyejua maana haambiwi maana.

Bwana Pasi anawajibu harakaharaka. Mezeni tembe ya kichefuchefu kabla ya kupanda, si baada. Mkishuka bandarini, rudini mapema, meli haimngoji mtu. Kila jibu linaanza na "nilipokuwa melini". Mwalimu Mkuu mstaafu, mkubwa wao, amemwita "mwanangu".

Mimi nilipata swali moja, la breki. Nikajibu kwamba meli ina breki mbili, ya mkono na ya mguu. Bwana Pasi akaweka kikaragosi kinachocheka mpaka machozi. Walimu kumi na mmoja wakaweka vyao. Wa kumi na mbili hakuweka kwa kuwa hajui kilipo.

Basi! Mchana nimetia kwenye simu laini yangu ya pili na kumwingiza kundini mtu mpya: Baharia wa Zamani. Safari kumi na moja. (Kumi ingeonekana imetungwa.) Picha yake ni meli ya kwenye kalenda ya ofisi. Nimempa umri wa miaka themanini na moja, kwa sababu maalumu. Alipobisha hodi tu kundini, walimu wote wakamwamkia. Bwana Pasi naye akaandika, "Shikamoo Mzee."

Nilikaa na neno lile dakika nzima. Kisha nikajibu, "Marahaba, mjukuu. Kaza mwendo, utafika."

Siku bora kuliko zote tangu niajiriwe.

Jumatano, 5 Machi
Mungu si Athumani. Jino la Bwana Pasi limevimba. Hayupo leo wala kesho, na simu yake imezimwa.

Leo ni siku ya fomu. Kila msafiri achague: chumba cha ndani au chumba cha nje. Kundi zima likataharuki. Kipi bora? Mwalimu Mkuu akaandika kirefu. Kwa miaka thelathini na minane ofisi yake ilitazama ukuta wa stoo. Anataka jambo moja tu, mara moja: aamke, na kabla hajasemeshwa na mtu, aone maji yasiyo na mwisho. Akamwomba Baharia ushauri.

Nimewaza kwa utulivu, kama msomi. Katika nyumba yoyote yenye heshima, chumba cha ndani hulala mwenye nyumba. Cha nje ni cha mpita njia, baiskeli mbovu na magunia. Na huko baharini, nje ni wapi? Nje ni majini! Niliona wazi vyumba vile vya nje vimebandikwa ubavuni mwa meli kama viota vya mbayuwayu, wimbi likija linapiga kitanda. Nikatokwa jasho pale pale mezani.

Baharia akajibu kwamba katika safari zake zote kumi na moja hajawahi kulala nje hata siku moja, yeye si mbwa. Kila alfajiri alifungua dirisha la chumba chake cha ndani, na pomboo wakaja kumwamkia.

Wote kumi na wawili wamechagua cha ndani. Mwalimu Mkuu ameandika kwamba Mungu amzidishie Mzee wetu maisha. Nimejibu amina.

Alhamisi, 6 Machi
Kampuni ya meli imesema vyumba vya ndani vimekwisha. Kilichobaki kwa ajili ya kiongozi ni cha nje, ghorofa ya kumi na moja. Mungu wangu! Kumi na moja, na nje!

Nilikwenda kunywa maji bilauri tatu. Kisha nikaona faida. Nani asiyempenda kiongozi anayelala nje ili watu wake walale ndani? Nimemwandikia Bosi barua rasmi, nakala kwenye jalada: "Kwa hiari yangu mwenyewe nimewaweka wateja wote ndani, na mimi nimechukua cha nje. Naomba jambo hili likumbukwe wakati wa kufikiria kuthibitishwa kwangu." Nimeipiga mhuri.

Baharia naye ameandika kundini kwamba yule karani mdogo, yule mwenye vyeti, ana moyo wa unahodha. Walimu wakaitikia. Hata wa Hesabu.

Dada nimemwomba kamba ya kuanikia nguo na koti la mvua. Akauliza vya nini. Nikamwambia vya kulalia. Akasema anampigia simu mama.

Ijumaa, 7 Machi
NIMECHAGULIWA! Kura kumi na mbili kati ya kumi na mbili. Bwana Pasi amerudi na shavu kama andazi na hakupata hata moja. Nilimpa pole ya jino kwa sauti ya kiongozi. Akasema ahsante, lakini angependa kumjua huyo Baharia, maana breki za meli zimemkosesha usingizi kuliko jino.

Wivu. Mti wenye matunda hupigwa mawe.

Jumamosi, 8 Machi
Siku mbaya.

Walimu walikuja ofisini kupewa maelekezo. Niliwaambia wavae viatu visivyoteleza, wakaandika. Waliandika hata nilipokohoa. Kisha Mwalimu Mkuu akanyoosha kidole, mwanamke wa umri ule, akaniuliza kwa heshima dirisha lake litakuwa upande wa mawio au wa machweo. Nikasema mawio. Akatabasamu, akaandika.

Bwana Pasi, kutoka nyuma ya shavu lake, akauliza dirisha lipi tena. Chumba cha ndani hakina dirisha. Kiko katikati ya meli, kama stoo: ukuta mbele, ukuta nyuma, na taa ikizimwa hujui kama ni usiku au ni Jumanne. Cha nje ndicho chenye dirisha. Ghorofa ya kumi na moja kina mpaka roshani, na viti viwili.

Mwalimu wa Hesabu akasema polepole, "Stoo." Mwalimu Mkuu alifunga daftari lake, akalipanga sawasawa na ukingo wa meza, kama mtu anayesubiri kengele.

Nikasema labda Baharia alipanda meli za kizamani, zilizokuwa na ndani ya namna nyingine. Mwalimu wa Sayansi akasema basi na aulizwe, tena leo. Wakaanza kumwandikia hapo hapo, wote kumi na wawili, kwa vidole vya shahada. Nilikuwa nimeacha ile laini ya pili nyumbani. Busara yangu imeniokoa.

Jumapili, 9 Machi
Ujumbe thelathini na tisa kwa Baharia. Njia ni moja tu. Asubuhi, baada ya chai, nimemuua.

Niliandika kama mjukuu wake: Babu ametutoka ghafla saa mbili na nusu, kwa amani, akiwa chumba cha ndani. Nilidhani watasema poleni, yaishe. Watu hawa hawana adabu ya kuomboleza kwa mbali! Msiba uko wapi? Anazikwa saa ngapi? Mwalimu wa Jiografia anataka ramani. Walisahau kabisa dirisha, sasa wanataka jeneza. Bwana Pasi, ambaye jana alitaka kumla mzima, ameandika kwamba yuko tayari kubeba.

Nikajibu kwamba marehemu alishazikwa baharini, kwa wosia wake. Mwalimu Mkuu akauliza amezikwa na meli gani saa tatu asubuhi, ikiwa amekufa saa mbili na nusu.

Nikazima simu. Nikaiwasha. Saa kumi laini ya Baharia ikaita. Nikapokea kwa sauti ya mjukuu aliyelia sana. Alikuwa Bosi. Bwana Pasi alimpa namba ili atoe pole kwa niaba ya ofisi. Bosi akasema hakuwa na haja ya kuiandika, maana simu yake imemtajia jina mara moja: "Karani Mpya, namba ya pili."

Mtu makini hujaza fomu ya ajira kikamilifu. Nilipoulizwa namba nyingine ya kupatikana, niliandika. Ndiyo malipo ya ukweli.

Jumatatu, 10 Machi
Siku ya tisini.

Bosi alikuwa na barua yangu mezani, ile yenye mhuri. Akaisoma kwa sauti, mara mbili. Kwamba nimewafungia wazee wa watu kumi na wawili kwenye stoo, kwa hiari yangu mwenyewe, nikajitwalia roshani, kisha nikaomba likumbukwe. Akasema miaka ishirini kazini ameona wezi, lakini hajapata kuona mwizi anayeweka nakala kwenye jalada.

Kisha akauliza swali moja tu. Nilijua, au sikujua?

Nikajikuta njia panda. Nikisema nilijua, mimi mwizi. Nikisema sikujua, mimi mshamba, tena mshamba mwenye vyeti vitatu, aliyejiandaa kwenda na kamba ya nguo. Bwana Pasi alikuwa amesimama mlangoni na mikunjo yake. Mwalimu Mkuu alikuwa kwenye kiti, mkoba magotini, akinitazama kama mtoto asiyejua kusoma saa. Kusema kweli, macho yale yalitaka niseme sikujua. Yangenisamehe.

Nikasema, "Nilijua kiasi."

Mwalimu Mkuu akashusha pumzi. Akamwambia Bosi kwamba alisomesha wengi wa namna hii. Hawa si wabaya, akasema, lakini usiwakalishe karibu na dirisha.

Bosi alipiga simu saa nzima. Kampuni imepata vyumba vya nje kumi, kwa walimu kumi. Mwalimu Mkuu amechukua kile changu, chenye roshani, tena upande wa mawio. Wa Hesabu amekataa kuhama. Anasema gizani atalala vizuri. Bwana Pasi atakuwa kiongozi, na atalala ndani. Hakununa hata kidogo, mnafiki yule.

Sikufukuzwa. Ombi la Mwalimu Mkuu, nasikia. Majaribio yameongezwa siku tisini, na nimehamishiwa dirisha la tiketi za ndege, ambako, Bosi amesema, vitu vyote vimeandikwa na mimi nisome tu.

Dada akauliza nimethibitishwa? Nikamwambia nimehamishiwa angani.

Jumatatu, 17 Machi
Meli iliondoka jana. Mwalimu Mkuu ametuma kundini picha ya leo asubuhi: maji, maji, maji, na ncha ya kidole gumba chake. Sioni ajabu yake. Hakuna hata pomboo.

Mimi naendelea vizuri. Dirisha la tiketi ni kazi ya mtu aliyesoma, si ya kubahatisha kama meli. Leo nimemhudumia mzee mmoja, safari yake ya kwanza. Fomu ikamtaka achague: kiti cha dirishani au kiti cha njiani. Akanitazama kwa wasiwasi, maskini, akaomba nimsaidie.

Nikamweleza kwa upole kwamba cha dirishani ni cha wanaofika mwisho wa safari. Cha njiani ni cha wale wanaoshukia njiani.

Akastaajabu. Akauliza, kwani huko juu inasimama?

Nikamwambia, "Ukiomba mapema, Mzee."