Dirisha la Kurudishia Bunduki

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema msije mkahangaika kumtafuta, ingawa ofisini kwetu ushindani ulikuwa mkali.

Umma ulikuwa umetangaziwa, kwa vipaza sauti na mabango, kwamba Kitengo cha Utulivu wa Wamiliki wa Silaha kimetimiza miaka mitatu bila raia hata mmoja kurudisha bunduki. Mkurugenzi alilifafanua jambo hilo kitaalamu: raia asiyerudisha bunduki ni raia aliyetulia. Keki ikaagizwa. Mimi, Afisa Mwandamizi wa Dirisha la Kurudishia, nikavaa tai.

Saa nne asubuhi mwanamke mmoja akaweka kopo la biskuti dirishani.

"Habari za kazi, kaka. Nimeleta bastola."

"Nzuri, dada. Umeleta nini?"

Alikuwa mwalimu wa chekechea, wale ambao wakikutazama tu unaanza kukagua kucha zako. Bastola ilikuwa ya mdogo wake, fundi saa, tuliyempa leseni sisi wenyewe baada ya wezi kumvamia kibandani.

"Leo siku ya tisa hajafumba jicho," alisema. "Juzi nimemkuta na karatasi, anaorodhesha majirani wanaomcheka. Wamefika kumi na mmoja. Leo asubuhi kaniambia kwa mdomo wake: dada, kiondoe hiki kitu nyumbani, sijiamini."

"Na risasi?"

"Ziko kwa mama mkwe wangu. Hajazaliwa wa kugusa kitu cha yule mama."

Nikafungua kitabu cha kanuni. Nikamweleza kwa upole, kama tulivyofundishwa kwenye semina, kwamba silaha hurudishwa na mwenyewe, na mwenyewe lazima atie saini kuwa ana akili timamu.

"Na kama hajisikii sawa?"

"Basi saini yake haifai. Itabidi akae nayo mpaka apone."

"Na kama yuko sawa?"

"Dada, mtu aliye sawa anairudisha ya nini?"

Nilijiona nimesema neno zito. Hata kalamu niliiweka chini.

"Kwanza hospitali mmekwenda?" nikamuuliza.

"Mara mbili. Tumeambiwa daktari wa akili kahamishiwa kwenu."

Hilo lilikuwa kweli. Daktari wa akili mjini ni mmoja, na tulimchukua sisi, kwa manufaa ya wote. Alikuwa chumba cha nyuma akigonga mhuri wa AKILI TIMAMU kwenye maombi ya leseni, mia tatu kwa siku. Mgonjwa hajamwona tangu aje. Hata mwombaji hamwoni; anaona picha ya pasipoti, na kwenye pasipoti kila mtu ametulia.

Mkurugenzi akatokea, kitambaa cha keki kimening'inia shingoni.

"Kuna nini hapa?"

"Bunduki imerudi, mheshimiwa."

"Leo? Waandishi wa habari wanafika saa sita, nyie mnapokea bunduki leo?" Akamgeukia mwalimu. "Mama, kanuni haina kona. Silaha ikae alipo mwenyewe. Haya, beba kopo lako."

"Ikae alipo mwenyewe?"

"Hapo hapo alipo."

"Sawa." Mwalimu akageukia mlangoni, akaita kwa ile sauti ya kuwatoa watoto kwenye bembea. "Mdogo wangu, ingia! Tumepata pa kukaa."

Akaingia mwanamume mwembamba, macho mekundu, shati kalifunga vifungo vyote mpaka kooni. Akatusalimia mmoja mmoja kwa adabu. Mkurugenzi alipokea salamu yake akiwa nyuma ya kabati la majalada.

"Mheshimiwa anataka mkae pamoja, wewe na bastola yako," dada mtu akamwambia. "Sema tu, umependa meza ya nani?"

"Yoyote, dada. Nimechoka."

Nilitegemea sauti ya kutisha. Ilikuwa sauti ya mtu anayeomba kiti. Nikampa changu. Kisha nikatoa kitabu cha stakabadhi, ambacho kurasa zake zilikuwa bado zimegandana kwa upya, nikaandika nikiwa nimesimama: bastola moja, imepokelewa.

"Unaniharibia takwimu!" kabati likapiga kelele.

Kelele hizo ndizo zilizomtoa daktari chumba cha nyuma, mhuri mkononi. Hakuuliza fomu. Alimtazama fundi saa, akachuchumaa mbele ya kiti.

"Ndugu yangu, hujalala siku ngapi?"

"Tisa," akajibu, na dada yake akamdokeza daktari habari ya orodha ya majirani wanaomcheka.

"Na hao majirani, bado wanacheka?"

"Hata sasa hivi nawasikia."

"Pole sana. Twende ndani unieleze, pole pole, hakuna anayetukimbiza."

Fundi saa akaanza kulia bila kelele. Dada yake akamshika bega, akamfuta uso kwa leso kama anavyowafuta wale wa chekechea, wakaelekea chumba cha nyuma. Kopo la biskuti likabaki kwangu, na nikalifungia sefuni.

Hapo Mkurugenzi akachomoza kichwa.

"Daktari! Maombi mia tatu yako mezani kwako! Sasa mihuri atagonga nani?"

Daktari akarudi hatua mbili, akamwekea mhuri kiganjani.

"Gonga wewe, mheshimiwa. Kazi hii haijawahi kuhitaji akili timamu."