Nilivyofungua Mgahawa kwa Turubai la Msiba

Jamani, leo sina pa kuuweka uso. Baba mkwe wangu amefika kwenye msiba wake mwenyewe akiwa juu ya baiskeli, na msiba huo nimeuandaa mimi. Bila kujua. Nilidhani nafungua mgahawa.

Ngojeni nianze mwanzo. Mnanijua, napenda mambo yaende kwa mpangilio, na saa naziandika. (Kwenye kikundi chetu cha mwani wananiita Redio, kwa sababu hakuna kinachopita Utende nisikione. Leo Redio ilikuwa imezimwa.)

Mnakumbuka niliwaambia mwani umenichosha. Miaka sita nimesimama majini mpaka kiunoni, nafunga kamba, nafungua kamba, mikono imekuwa kama gome la mti. Mwezi uliopita tulivunja kikoba, nikapata mgao wangu, nikaapa kwamba huu ndio mtaji. Haukuwa mkubwa. Ulitosha mchele, unga, maharage, nyama kidogo, mafuta na viungo. Ukaishia hapo. Meza sina. Viti sina. Masufuria makubwa sina. Kivuli sina. Hata kibao cha jina la mgahawa nilisema nitaandikisha faida ikipatikana. Na chakula hiki kikiisha bila kuuzwa, kesho narudi majini na kamba zangu. Hakuna mtaji mwingine.

Mahali nilipata bure. Nyumba ya baba mkwe wangu, Mzee Kombo, ina uwanja mzuri mbele, kando ya njia wanayopita watu wakishuka kwenye boti za Chole. Mzee alikubali kwa sharti moja: nisimwamshe kwa kelele za vyombo. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka kuumwa. Wiki iliyopita homa ilimlaza siku nne, majirani wakawa wanapishana mlangoni.

Vyombo ndivyo vilivyonikosesha usingizi. Halafu nikakumbuka: kwani mimi si mwanachama wa chama chetu cha kufa na kuzikana? Kila mwezi natoa mchango. Chama kina mikeka, masufuria mawili makubwa, sahani, mabirika, na turubai la kijani lenye kiraka cha njano katikati. Vyote vimelala stoo kwa Bi Arafa, mtunza vyombo wetu, vinangoja mtu afe. Nikaona ni hasara!

Jana jioni nikaenda. Bi Arafa alikuwa Chole kwa binti yake. Mumewe ndiye aliyetoka na ufunguo. Hakuniuliza kitu. Alinitazama kwa huruma, akatikisa kichwa, akasema, "Chukua, mwanangu. Chukua vyote."

(Hapo mtu mwenye akili zake angesimama akafikiri. Mimi nikasema, loo, watu wa Utende wana moyo!)

Sasa fuateni saa.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mzee Kombo amekwisha kuswali, anapanda baiskeli, anakwenda shamba. Leo wakwezi wanamwangulia nazi zake na hapendi kuwaacha peke yao. Simu kaiacha kwenye chaji.

Saa kumi na mbili. Mimi na wifi yangu Tatu, binti wa Mzee, tunafunga turubai. Tunatandika mikeka. Tunapanga sahani. Tatu anarudi nyuma mpaka barabarani kuangalia.

"Wifi, pamependeza."

"Eti eh?"

"Pamependeza, ila pananikumbusha kitu, sijui nini."

Tukaacha hapo. Kulikuwa na unga wa kukanda.

Saa mbili. Mteja wa kwanza! Fundi Selemani wa pikipiki. Huyu mtu mnamjua, akikuziba pancha utasikia habari za mpira, za mke wake na za ndege iliyochelewa, kabla hajamaliza kutoa tairi. Leo alivua viatu, akainamisha kichwa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mungu akupe subira, dada."

"Amina, fundi." Nikaona kasema kweli, siku za kwanza za biashara zinataka subira.

Alipouachia mkono wangu, kiganjani nikakuta noti imekunjwa ndogo kabisa. Kalipa kabla ya kula! Nikakimbia ndani, nikamletea chenji. Akanitazama kama nimemtukana.

"Chenji ya nini? Weka tu."

Mteja anakataa chenji! Nikaanza kuona mbali. Nikaona meza. Nikaona viti vya plastiki. Nikajiona nimekaa kwenye kimojawapo.

Saa tatu. Mikeka imejaa nusu. Wote wanaume, wanakula chapati na maharage, kimya. Kila anayeingia ananipa mkono, na kila mkono una noti. Hakuna anayeuliza bei. Hakuna anayesema chapati ni ndogo. Nikamnong'oneza Tatu:

"Umeona wateja walivyo wastaarabu?"

"Wamezidi, wifi. Hata kucheka hawacheki."

"Heshima hiyo. Mgahawa mpya."

Saa tatu na nusu. Wanawake watano wakaingia kwa mlango wa nyuma, moja kwa moja jikoni, kanga zimefunika vichwa. Mmoja akachukua kisu akaanza vitunguu. Wawili wakavamia sufuria chafu. Nikapigwa na butwaa. Nimesikia habari za wateja wa aina nyingi, lakini wa kumwoshea mwenye mgahawa vyombo sijawahi.

"Jamani, nendeni mbele mkakae, nitawaletea."

"Tukakae vipi, mwenzetu, na wewe uko katika hali hii?"

Kweli nilikuwa katika hali. Nilikuwa na unga mpaka kwenye kope.

"Umekula lakini?" akaniuliza yule wa vitunguu, macho yanamtoka machozi.

"Bado."

"Jitahidi. Hata tonge mbili."

Nikasema moyoni, hawa ndio majirani. (Machozi nilidhani ni ya vitunguu. Redio, Redio!)

Saa nne. Kilio kikaanzia barabarani. Kilio hasa, cha mtu aliyejipanga. Bi Arafa huyo, kanga moja kichwani, nyingine inaburuta chini, kanyoosha mikono.

"Tatu weee! Tatu mwanangu!"

Akamkumbatia Tatu shingoni. Sasa, wifi yangu ana udhaifu mmoja: hawezi kumwona mtu analia akabaki macho makavu. Naye akaangua kilio. Wale wanawake jikoni wakapokea. Nikatoka mbio na mwiko mkononi, nikamvuta Tatu kando.

"Nani kafa?"

"Sijui!"

"Sasa unalia nini?"

"Bi Arafa kafiwa, wifi, humwoni?"

"Kafiwa na nani?"

"Utamuulizaje mtu analia hivyo?"

Na hapo alisema kweli. Kwetu humuulizi mfiwa nani amekufa. Unakwenda, unalia, unakula, jina utalisikia humo humo. Nikapiga hesabu zangu haraka. Mumewe! Yule mzee wa watu, jana tu kanipa ufunguo, kanitazama kwa huruma, "chukua vyote." Alikuwa ananiaga! Nikakaa chini na mwiko wangu, nikalia kilio ambacho sijalia tangu nizaliwe.

Halafu nikajiuliza: mwenzangu kafiwa, na mimi hapa nauza chapati? Nikainuka. Nikasimama katikati ya watu, chini kabisa ya kile kiraka cha njano. Nilijua ninachofanya. Nilijua pilau yote iko kwenye sufuria, na nilijua nyuma yake hakuna kitu ila kamba za mwani.

"Jamani," nikasema, huku nafuta kamasi, "leo biashara basi. Hiki chakula si cha kuuza tena. Kuleni nyote, kwa ajili ya marehemu."

Watu wakatazamana. Fundi Selemani akaishusha chapati yake taratibu.

"Kwani kilikuwa cha kuuza?"

Sijajibu, kengele ya baiskeli ikalia.

Mzee Kombo huyo, kapakia kapu la nazi nyuma. Akaliona turubai nyumbani kwake. Akamwona binti yake analia, akaniona mimi nalia. Baiskeli akaiachia ianguke, nazi zikasambaa barabarani.

"Nani?" akauliza. "Nani, jamani? Bakari?"

Bakari ni mwanawe, mume wangu, na yuko Nyamisati amefuata mzigo. Nikataka kumwambia, hapana baba, Bakari mzima, lakini hakuna aliyenisikia. Kulikuwa na kazi nyingine inaendelea. Yule mwanamke wa vitunguu aliruka sufuria akatoka na kisu, tumemwona tena baada ya nusu saa. Wanaume wawili walipita chini ya turubai upande ambao hauna njia. Fundi Selemani alikuwa anatoa shahada na chapati mdomoni. Na kwenye mkeka wa mwisho, nikaona kwa macho yangu mawili, mume wa Bi Arafa, mzima, sahani mapajani, amejibanza ukutani.

Bi Arafa peke yake hakukimbia. Alimsogelea Mzee, akanyoosha kidole, akamgusa begani.

"Kombo?"

"Naam, Arafa. Nani amekufa?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Tangu asubuhi."

Mzee akakaa chini, pale pale penye nazi.

Basi ndiyo ikabidi mambo yasemwe. Bi Arafa karudi kutoka Chole na boti ya kwanza, kaambiwa na mumewe kwamba mke wa Bakari kaja kuchukua vyombo vyote. Kapita njiani, kaona turubai kwa Kombo. Kombo wiki iliyopita alikuwa hoi. Bi Arafa alitaka ushahidi gani tena? Akaenda nyumba kwa nyumba. "Turubai hili, mwanangu," akanieleza, ananitazama kwa uchungu, "tangu tulinunue halijafungwa kwa jambo jingine. Hata harusi hatuliazimi." Na zile noti zilizokunjwa zilikuwa ubani, mchango wa mfiwa. Mimi nikawaletea chenji!

Nilitaka ardhi ipasuke. Nikajifunika uso kwa kanga. Nikasubiri Mzee aseme neno la kunifukuza uwanjani kwake.

Mzee akaomba sahani.

Tukampa pilau. Akala matonge matatu, anatafuna polepole, watu wote wanamwangalia kama wanamkagua.

"Haina chumvi," akasema. "Na hii ndiyo mngenizikia?"

Kuna mtu akacheka. Halafu wa pili. Halafu turubai zima. Bi Arafa mwenyewe alicheka mpaka akashika mlingoti. Mzee sasa akapata nguvu, akazunguka mkeka kwa mkeka, anapokea pole zake mwenyewe kwa mikono miwili. Kisha akasimama, akahesabu vichwa.

"Faki hajaja?"

"Hajaja."

"Nimemuuguza mguu mwezi mzima, hajaja? Sawa. Nimemjua." Akaniambia niandike jina. (Nimeandika.)

Bi Arafa alitaka turubai lifunguliwe saa ile ile, sheria ni sheria. Mzee akamkatalia.

"Mimi ni mwanachama?"

"Mwanachama, ndiyo."

"Nimekufa tangu asubuhi au sikufa? Basi nina haki nalo mpaka jioni. Mwacheni mkwe wangu auze."

Ubani nilijaribu kuurudisha, kila mtu na wake. Hawakuupokea. Fundi Selemani alisema amekula chapati nne na maharage mara mbili, asisumbuliwe. Akaagiza na pilau, akailipia, na sauti yake ikawa imerudi. Mpaka saa sita kasoro nilikuwa nauza kweli kweli. Watu wanakuja kumwona marehemu, wakimwona wanasikia njaa. Nikaona, alhamdulillahi, nimeumbuka lakini mtaji umepona.

Hapo ndipo Bi Arafa alipojishika mdomo.

"Nini tena, Bi Arafa?"

"Dadake Kombo," akasema. "Nilimpigia. Jibondo."

Tumepiga simu Jibondo. Jirani ndiye aliyepokea. Wameshaondoka, tena muda mrefu, boti nzima, watu kumi na wanane. Simu zao zote hazipatikani. Mzee kavaa kanzu nyeupe, anataka kwenda pwani kuwapokea. Tatu kamshika miguu yote miwili, anamwomba avae angalau shati lenye rangi.

Wa kucheka na acheke, ila aje achekee huku, anaosha sufuria. Sasa ni saa sita na dakika ishirini. Pilau imebaki ukoko. Mchele nilionao ni kibaba na nusu, nimeuweka motoni, na chumvi nimeongeza. Boti imeonekana. Na ndani yake hakuna hata mmoja anayejua kwamba hapa ni mgahawani.