Yahusu Ushindi Uliopewa Magoti ya Dada Tabia

Bagamoyo,
Jumanne, 20 Juni 1978.

Kwa Mjomba Kitwana,
Mwamuzi wa Mchezo wa Kidoti,
Melini, Bandari ya Dar es Salaam.

Ndugu Mjomba,

Shikamoo. Naapa kukueleza yote, hata yale ambayo Mama amesema nisiyaandike. Mwalimu wetu wa Kiswahili ametufundisha kwamba malalamiko yasiyopangwa kwa namba ni manung'uniko tu, kwa hiyo nimeyapanga. Nyumbani hatujambo sote, isipokuwa mgongo wangu.

Kwanza nikukumbushe jambo lenyewe, maana umeondoka upesi baada ya harusi. Uliporudi kutoka safari ya Ulaya kwa ajili ya kumwoza Dada Tabia, ulituletea kisanduku chenye vidude viwili vya kuzungusha, kama kile cha redio cha kutafutia stesheni. Ukakiunganisha na televisheni ya Babu, na badala ya picha za Unguja zilizojaa chenga tukaona vijiti viwili vyeupe na kidoti kinachoruka kati yao. Ukizungusha kidude chako, kijiti chako hupanda au hushuka. Kidoti kikikupita, umefungwa. Ukatamka mbele ya nyumba nzima: "Atakayefika siku ya harusi bila kushindwa na mtu, kisanduku ni chake."

Wakati huo Dada Tabia alikuwa mwali, yuko ndani, mikono na miguu imepakwa hina na kufungwa vitambaa. Somo wake, Bi Mwaija, alikuwa amemkataza kugusa hata kikombe. Dada akaniita: "Mwanvita, njoo uwe mikono yangu." Nikakaa mbele yake nikashika kidude, naye akaamrisha: "Panda! Panda, mwana we! Shuka! Umelala?" Tukamshinda Bibi. Tukamshinda Mama. Tukakushinda na wewe, Mjomba, ukasema jua la baharini limekuharibu macho.

Kisha akaja Dadi, mdogo wake bwana harusi, kuleta sanduku la nguo za bibi harusi. Alipouona mchezo hakutaka kuondoka. Mwali hawezi kuonekana na shemeji yake, wala sauti yake haifai kusikika hadi barazani. Bi Mwaija akatundika kanga mbili mlangoni. Dada akakaa nyuma ya kanga hizo, nami mbele yake, akachungulia kwenye upenyo, akanisukuma mgongoni kwa magoti: goti la kulia, panda, goti la kushoto, shuka, yote mawili, tulia hapo hapo. Dadi alifungwa mpaka akakataa chai. Akasema, "Huyu mtoto ana jini." Bi Mwaija akamjibu, "Ana jini wa nyumbani, baba, hana madhara."

Siku ya harusi jioni ukatangaza: "Kisanduku ni cha Tabia." Malalamiko yangu yanaanzia hapo.

1. Mwezi uliopita Mama aliniamrisha akiwa uani: "Funika! Palia makaa! Ongeza!" Nikafunika, nikapalia, nikaongeza, na wali ukaungua. Hakuna aliyesema kwamba Mama ameunguza wali. Mpaka kwa Shangazi kule Kerege imefika habari kwamba Mwanvita kaunguza wali. Naomba sheria iwe moja. Ikiwa mwenye kuamrishwa ndiye mpishi, basi mwenye kuamrishwa ndiye mchezaji.

2. Mchezaji wa kweli huumia. Dada hana alama hata moja. Mimi nina mbili, na ya kushoto ni kubwa zaidi kwa sababu Dadi alipenda kupiga chini. Bi Mwaija amezikagua na yuko tayari kushuhudia.

3. Katikati ya mchezo na Dadi, Dada alipiga chafya na goti lake la kulia likaruka. Sikupanda. Nilijua kwamba ile ni chafya, siyo amri. Kama ningekuwa kidude, tungefungwa pale pale. Mgongo unaoweza kutenganisha chafya na amri una akili, na mwenye akili haandikwi pamoja na vifaa.

4. Hata hivyo Dada alimwambia Mama, "Mwanvita alikuwa waya tu." Nimejitahidi kuishi kwa neno hilo. Jumapili nilikataa kuosha vyombo, kwa kuwa waya ukilowa ni hatari kwa nyumba nzima. Mama akasema, "Osha kwanza, waya, halafu ukajianike kambani." Nimeosha. Kwa hiyo, Mjomba, utaona kwamba ninanyimwa haki za mchezaji na haki za waya kwa pamoja. Sijui kama yuko kiumbe mwingine wilayani mwenye hali hii.

5. Huko Pangani, nyumbani kwa Shemeji Sharifu, mume wa Dada, hakuna televisheni. Nimemuuliza mwenyewe, akasema hakuna na wala hana mpango. Dada anasema kisanduku kitawekwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa cha kufuma. Mtambo uliovuka bahari uende kukaa juu ya kabati kama birika la wageni!

Kwa hoja hizo naomba utengue uamuzi wako. Unitangaze mimi kuwa mshindi, kisanduku kibaki Bagamoyo, na Dada aende zake na masufuria yake, mikeka yake na mbuzi yake ya kukunia nazi. Fungate inakwisha Ijumaa, na Jumamosi asubuhi wanapanda lori la kupitia Chalinze. Kwa hiyo hakuna nafasi ya kufikiri sana.

Bibi anakusalimu. Babu anakusalimu na anauliza lini picha za Unguja zitarudi. Bi Mwaija anakusalimu, na anasema harusi ijayo usilete kitu chenye waya. Wasalimie mabaharia wote, pamoja na yule mpishi wenu uliyesema hana mtu wa kumsalimia.

Ni mimi mpwa wako mtiifu,

Mwanvita binti Salumu
(Mshindi, nikisubiri uamuzi)

N.B. Baada ya kutia sahihi nilikwenda kufanya mazoezi, kama inavyompasa mshindi. Nilicheza na Ashatu wa nyumba ya pili, ambaye hajawahi kushika kidude maishani mwake. Amenifunga mpaka akachoka akaomba maji. Nikamwomba akae nyuma yangu anisukume kwa magoti, Bibi akacheza upande wa pili. Magoti ya Ashatu ni mazuri lakini hayasemi kitu. Bibi alinifunga huku akimenya mihogo.

Dada akasikia kelele zetu. Akatoka chumbani kwake, hina bado imekolea, akamwondoa Ashatu, akakaa. Magoti yake yakaanza kusema. Tulimfunga Bibi mpaka akasahau mihogo. Mchezo ulipokwisha Dada hakuondoa magoti, na mimi sikuinuka, na Mama alipita mara mbili bila kunituma popote.

Kwa hiyo, Mjomba, nafuta hoja ya kwanza mpaka ya tano. Uliamua sawasawa. Mshindi ni Dada, na mimi ni sehemu ya mtambo, iliyo kati ya goti na kidude. Ile habari ya Pangani kutokuwa na televisheni naomba usiitazame tena. Niliiandika kabla sijafikiri. Shule zimefungwa, na sihitaji nafasi kubwa kwenye lori, naweza kukaa juu ya mikeka.

Barua hii anakuletea utingo wa basi la asubuhi, naye amekubali kusubiri jibu. Je, utamwandikia Mama leo hii hii kwamba mtambo hausafirishwi nusu?