Tishari Lisiloyumba

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya arobaini nikiwa msimamizi wa ujenzi wa gati. Siku ya arobaini bila kukanyaga tishari, lile jahazi bapa linalobeba kreni yetu baharini. Hakuna aliyegundua!

Nasimama nchi kavu, juu ya paa la kontena la ofisi. Darubini shingoni, redio mkononi. Nguzo kumi na moja zimesimama baharini kwa amri zangu. Watu wanadhani napenda kuona mambo kwa upana. Ukweli: siku ya kwanza nilipanda boti ikiwa bado imefungwa ufukweni, nikatapika.

Nyapara wa tishari, wenzake humwita Taratibu, ameuliza redioni injinia atakwenda lini kuwasalimu. Nimemtazama kwa darubini. Uso umekunjamana kama wa mtu aliyeonja kitu kichungu. Kitu chenyewe ni mimi.

Jumanne, 5 Machi

Balaa! Mkuu wa mradi anakuja Ijumaa kuona nguzo ya kumi na mbili, ya mwisho, ikisimamishwa. Atakuwa kwenye tishari, nami ubavuni pake. Kisha ataamua: niongoze awamu ya pili, au nirudi makao makuu kupanga michoro kabatini. Digrii mbili! Kabatini!

Nimeanza mazoezi nyumbani. Magodoro matatu sebuleni, mimi juu yake, macho yamefumbwa, nikiyumba. Mama mdogo, mwenye nyumba na mwenye magodoro, akaingia na kapu la nguo. Akauliza kama haya ndiyo niliyosomeshwa. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu. Akasema sawa mwanangu, ila mtaalamu avue viatu.

Dakika nne. Nimetapika.

Jumatano, 6 Machi

Nimetafakari asubuhi nzima. Adui yangu si bahari. Ni kuyumba. Na kuyumba kunatoka wapi? Nimechungulia kwa darubini: kamba nne zinazofunga tishari kwenye nguzo zinaning'inia kama za kuanikia nguo. Uzembe wa Taratibu! Zikikazwa barabara, tishari litakuwa sakafu.

Nimeandika agizo. Ijumaa, saa moja asubuhi, kamba zikazwe zote. Sababu: "usahihi wa nguzo". Sentensi nzuri. Nimeisoma mara sita.

Alhamisi, 7 Machi

Taratibu amekuja ofisini, agizo mkononi. Akaniuliza, kwa upole wa kuudhi, "Binti yangu, jedwali la maji kujaa na kupwa umelitazama?" Nikamjibu nimelibandika dirishani kwa mkono wangu. (Kweli. Linazuia jua.) Akasema bahari haisomi maagizo. Nikasema nyapara husoma. Akatabasamu, au uso ulijikunja upya. Vigumu kujua.

Kakubali haraka mno. Ananionea wivu. Yuko baharini tangu sijazaliwa. Bila shaka awamu ya pili anaitaka yeye.

Ijumaa, 8 Machi

Saa mbili. Nimepanda tishari. Tuli! Nilimweleza Mkuu habari za nguzo, mikono nyuma, kama mtu aliyezaliwa majini.

Saa tatu, Taratibu akanitazama, akaonyesha kamba kwa kidevu. Nikatikisa kichwa. Asiguse!

Saa tatu na nusu, kamba zikaanza kulia. Maji yalikuwa yakijaa. Maji yanainua tishari, kamba zinalikataza. Upande mmoja ukapanda, mwingine ukagoma. Chupa ya chai ya Mkuu ikaanza safari. Mkuu akaifuata. Nguzo ikapepesuka kwenye kreni kama mlevi anayetafuta mlango.

Taratibu hakungoja amri yangu. Kumbe alikuwa amesimama kando ya kamba na shoka tangu asubuhi! Akakata moja, wenzake wakalegeza tatu. Tishari likaruka, likatua, likaanza kuyumba kwa moyo wote. Nikavua kofia yangu ngumu, nikaitumia kwa kazi isiyo yake.

Mkuu akauliza nani aliyetoa agizo lile. Niliona makabati. Taratibu akasema ni zoezi la dharura, injinia alitaka kujua kama wako macho. "Tuko macho," akaongeza, akinitazama mimi.

Kisha akanipa kipande cha ndimu. Akaninong'oneza kwamba ana miaka thelathini baharini, na miaka yote thelathini asipong'ata ndimu hutapika. Ndiyo maana ya ule uso! "Na siku nyingine, binti yangu, tapikia unakoelekea upepo."

Nilitaka kulia. Saa sita nguzo ikasimama, wima kabisa.

Jumamosi, 9 Machi

Nimepewa awamu ya pili! Mkuu amesifu zoezi. Ni mbali zaidi, kwenye mawimbi ya kweli. Nimemwomba Taratibu awe nami. Kaja na kapu zima la ndimu. Mama mdogo kaonja moja, sasa naye ana uso ule.

Nimekaa kitako kuchunguza kosa langu, kwa ukweli, bila kujionea huruma. Nimelipata. Kamba hukatika.

Jumatatu naagiza minyororo.